Juu ya keria, chini ardhini au ndani ya gari: mtalala wapi milimani?

Marafiki wakishakubaliana kupanda mlima na magari, ubishi wa kwanza huwa wa tairi, wa pili wa winchi. Suala la kulala huachwa mpaka siku ya kufungasha, mtu anasema "hema lipo, tutabanana," na safari inaanza. Kumbe mahali pa kulala ndipo panapoamua gari litabeba uzito gani na litaubeba wapi, mtaingia kambini kwa utulivu au kwa kukimbizana na giza, na kama mwenzenu akizidiwa usiku wa manane gari litaondoka papo hapo au baada ya kufungua kamba kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Njia ni tatu: hema la kufungwa juu ya keria, hema la kawaida la kusimikwa chini, na kulala ndani ya gari lenyewe. Trela nimeiacha nje kwa makusudi. Anayeweza kurudisha nyuma trela kwenye kona ya mlima yenye korongo upande mmoja hahitaji ushauri wangu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa kundi la marafiki wanaokwenda milimani, hema la chini ndilo la kuanza nalo, na anayetaka hema la juu aje na sababu. Sababu zenyewe zipo, tena nyingine ni nzito, ila mara nyingi si zile zinazotajwa na wauzaji.

Kilo zinazopanda darini

Tuanze na namba ambayo wengi hawajawahi kuitafuta: uzito ambao paa la gari lako linaruhusiwa kubeba. Umeandikwa kwenye kitabu cha gari, na unahusu gari likiwa linatembea. Magari mengi ya familia yenye foo-wili yako kati ya kilo 75 na 100. Suzuki Jimny ya kizazi kilichotoka 2018, gari linalopendwa mno na watu wa milimani, inaruhusiwa kilo 30 tu.

Sasa pandisha mzigo. Hema la juu la kitambaa huwa na kilo 50 hadi 70. Lile la gamba gumu, linalofunguka kama sanduku, laweza kufika 80 au 90. Keria yenyewe ni kilo 20 au 30 nyingine, na ndiyo, nayo inahesabiwa. Gari la kikomo cha kilo 75 laweza kuwa limeshapita mpaka kabla hamjaondoka nyumbani. Isitoshe, kikomo hicho mara nyingi hukadiriwa kwa barabara ya kawaida. Rhino-Rack, watengenezaji wa keria wa Australia, wanataka uzito unaoruhusiwa ugawanywe kwa 1.5 gari likiingia njia mbovu, kwa hiyo kilo 75 za lami zinabaki 50 kwenye mawe.

Hapo ndipo watu huuliza: mbona wawili wanalala juu na paa halibonyei? Kwa sababu gari lililosimama hubeba mara kadhaa ya linachobeba likiwa mwendoni. Kinachoumiza paa ni kurushwa. Tairi likidondoka kwenye shimo, uzito wa juu unaendelea kushuka wakati mwili wa gari umeshaanza kupanda, na boliti za keria ndizo zinazobeba ugomvi huo siku nzima.

Kuhusu kupinduka, nimesikia chumvi pande zote mbili, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua gari la kilo 2,200 lenye upana wa mita 1.6 kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 75 juu ya ardhi. Likisimama kwa ubavu kwenye mteremko, kwenye karatasi linaanza kupinduka mwinamo ukifika kama nyuzi 47. Liongezee kilo 80 za hema na keria, mita 2 kutoka chini. Kitovu kinapanda sentimita 4 na ushei, na gari linaanza kupinduka kwenye nyuzi 45. Hasara haifiki nyuzi 2. Mwenye gari zito anayesema "mbona silioni tatizo" hasemi uongo.

Lakini rudia hesabu hiyo kwa gari dogo la kilo 1,100, upana wa mita 1.4, kitovu sentimita 70. Lenyewe linaanza kupinduka kwenye nyuzi 45. Kilo 80 zilezile zikiwekwa mita 1.9 juu, kitovu kinapanda sentimita 8 na nyuzi zinashuka hadi 42. Hasara imekaribia kuwa maradufu kwa mzigo uleule. Na karatasi haina springi. Mlimani, springi za upande wa chini zinabonyea, tairi la upande wa juu linapanda jiwe, dereva anashtuka na kugusa breki, na zile nyuzi zinaliwa moja baada ya nyingine. Dereva mwenye akili timamu hugeuka muda mrefu kabla ya nyuzi 30, na mwenye hema juu itabidi ageuke mapema zaidi. Hata pasipo hatari yoyote, gari linayumba zaidi, shokapu zinapata moto, abiria wa nyuma wanaanza kichefuchefu, na mwendo wa kundi zima unashuka hadi ule wa gari linaloyumba kuliko yote.

Kimo nacho ni kimo. Hema la kitambaa likikunjwa laweza kuongeza sentimita 30 au zaidi juu ya keria. Matawi na miamba iliyochomoza njiani haitakusubiri upime, kwa hiyo pima ukiwa nyumbani na uandike namba hiyo kwenye dashibodi. Halafu kuna injini: isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ukifika mita 3,000 umebaki na kama asilimia 70, nawe bado unasukuma boksi kubwa dhidi ya upepo.

Hema zuri la chini la watu wanne lina kilo 5 hadi 8. Linakaa kwenye buti, chini, nyuma ya kiti. Kwa upande wa uendeshaji mjadala umeishia hapo, na ndiyo maana nimeutanguliza. Sifa ya hema la juu ilijengwa zaidi jangwani na nyikani, kwenye njia pana na ardhi ya wazi yenye nge na nyoka, ambako kulala juu kuna mantiki isiyo na ubishi. Wazo lenyewe ni la zamani. Autohome ya Italia inayatengeneza tangu 1958. Mlima una masharti yake.

Pa kuegesha na pa kusimika

Hapa hema la juu linarudisha pointi. Ardhi ya mlimani imejaa mawe, mizizi na michirizi ya maji. Kupata sehemu tambarare ya mita 2 kwa 2 jua likizama ni kazi, na kupata mbili au tatu zilizo karibu ni kazi zaidi. Mwenye hema la juu hajali kama chini kuna kokoto, tope au theluji iliyoanza kuyeyuka. Anachohitaji ni gari liwe sawa.

"Liwe sawa" si jambo dogo, ingawa. Mwinamo wa nyuzi 2 au 3 unatosha kukutelezesha polepole mpaka ukutani, na asubuhi shingo inauma. Tafuta mawe bapa au vipande vya mbao vya kupandishia tairi, hakikisha kichwa kinaelekea upande ulioinuka, vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia na uzuie tairi. Ukiwa na mazoea ni dakika 5. Ukiwa huna, kundi zima litasimama likikuelekeza, kila mtu na mkono wake.

Hema la chini kwenye mwamba huwa gumu kwa sababu vigingi haviingii. Nunua lile linalosimama lenyewe kwa fito zake, kisha kamba za pembeni zifunge kwenye mawe makubwa. Hema linalotegemea vigingi ili lisimame liache kwa ajili ya bustani.

Ila hema la chini lina uhuru ambao wengi hawaufikirii: linaweza kuliacha gari. Ukilala juu ya gari au ndani yake, unalala pale gari lilipofika. Kwenye majani ya milima mirefu hilo lina gharama, maana mimea ya huko hukua polepole na alama ya tairi hukaa misimu mingi. Magari yabaki kwenye njia au mahali palipokwisha kukanyagwa, na wenye mahema watembee mita 50 hadi kwenye sehemu iliyojificha. Wapiga soga wakibaki na moto karibu na magari, wanaotaka kulala mapema wanapata usingizi. Popote mtakapochagua, kaeni angalau mita 60 kutoka kwenye maji, na msilale kwenye mkondo mkavu hata anga likiwa jeupe. Mvua inayojaza mkondo huo yaweza kunyesha bondeni kwingine kabisa bila ninyi kusikia tone.

Upepo ndio unaolimaliza hema la juu. Gari lako ndilo ukuta mzuri kuliko wote wa kukinga upepo kambini, na hema la juu limekaa juu ya ukuta huo. La chini unalificha nyuma ya gari. Usiku wa upepo mkali kitambaa cha hema la juu hupigapiga mpaka alfajiri, gari linatikisika kwenye springi zake, na mnaobaki macho mnaanza kuhesabu boliti. Kugeuza gari ili upande mwembamba au wenye bawaba ukabili upepo kunasaidia. Kutokuegesha kwenye ukingo wenye mandhari nzuri kunasaidia zaidi, lakini nani alinunua hema la juu ili akalale kwenye shimo?

Baridi inatokea wapi

Kwa wastani joto hupungua nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mkiondoka mita 500 kukiwa na nyuzijoto 24, mita 3,000 zitawapokea na kama 8, na hapo bado ni mchana. Kila njia ya kulala inaipokea baridi hiyo kutoka upande wake.

Chini, adui ni ardhi. Mfuko wa kulalia hauna msaada mkubwa kwa chini, kwa sababu unaulalia na manyoya yake yanabonyea. Kinachokukinga ni godoro, na kipimo cha kuangalia ni R, yaani uwezo wa godoro kuzuia joto lisipotee: namba ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Tangu 2018 kuna kiwango cha pamoja cha kukipima, ASTM F3340, kwa hiyo namba za watengenezaji wanaokifuata zinalinganishika. Kwa usiku unaokaribia kuganda tafuta R ya 4 hivi. Baridi ikizidi hapo, anzia 5. Godoro nene la kujaza upepo lisilo na kinga ndani yake ni starehe ya kuanzia jioni mpaka saa nne usiku tu.

Juu, baridi inapita chini ya sakafu. Hema huja na godoro lake la sponji la sentimita 5 au 7, raha kwa mgongo, ila chini yake hewa inazunguka usiku kucha na unyevu wa miili yenu unageuka kuwa maji kati ya godoro na sakafu. Weka wavu mnene wa kupitisha hewa hapo katikati, la sivyo mwisho wa wiki godoro litanuka.

Ndani ya gari hakuna upepo kabisa, na hilo pekee lina thamani kubwa. Tatizo ni vioo na chuma, vinavyopoteza joto haraka na kukusanya pumzi zenu. Asubuhi vioo vimelowa, pengine vimeganda kwa ndani. Ziba vioo kwa vipande vya sponji vilivyokatwa kwa umbo lake, kisha acha madirisha mawili wazi kwa upana wa kidole. Inaonekana kichekesho kuziba na kufungua kwa wakati mmoja, lakini ndivyo ilivyo.

Na jambo moja halina mjadala kwa wote watatu. Hakuna jiko, mkaa wala injini inayonguruma mkiwa mmelala. Gesi ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na theluji au tope likiziba bomba la moshi, gesi inarudi ndani ya gari.

Mkiwa wengi

Hesabu vichwa kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Hema la juu la kawaida lina upana wa mita 1.2 hadi 1.4, maana yake watu wawili, tena waliozoeana. Mkiwa wanne ndani ya gari moja, wawili watalala juu na wawili watalala wapi? Chini, kwenye hema lililobidi libebwe vilevile. Mmebeba kilo 80 darini kwa ajili ya nusu ya abiria, na nusu nyingine iko kwenye vigingi ikiwatazama. Sijui urafiki wenu ulivyo, ila mpangilio huo huleta maneno.

Msafara wa watu wawili kwa kila gari ni habari nyingine. Hapo kila gari ni nyumba kamili, hakuna anayemsubiri mwenzake, na mkifika kwenye mvua wenye mahema ya juu watakuwa wamekauka kabla wa chini hawajapanga fito. Faida hiyo ya jioni ya mvua ni ya kweli, nami ningeilipia kama safari yangu ingekuwa ya kuhama kila siku.

Hapo kwenye kuhama ndipo penye siri ya uchaguzi wote. Kuna safari za kuhama, mnazopita safu ya milima na kulala kila usiku mahali papya. Na kuna safari za kambi moja, mnazosimika Ijumaa na kushinda Jumamosi mkicheza na njia za karibu. Watu wengi hununua hema kwa kuota safari ya kwanza, halafu mwaka mzima wanafanya ya pili. Kwenye kambi moja hema la juu ni mzigo kwa maana zote: kila asubuhi lazima ulikunje ili gari litoke, unaendesha nalo juu kwenye njia ngumu kuliko zote za safari, na jioni unalifungua tena. Mwenye hema la chini ameacha kila kitu kambini, maji, jiko, viti, akashuka na gari jepesi na tairi zenye upepo mdogo. Kwenye kupanda mawe utamwona tofauti yake.

Kuna mengine madogo yanayokera kuliko unavyodhani. Mwili ukiwa kwenye mwinuko na baridi hutoa mkojo zaidi, kwa hiyo ile ngazi utaishuka usiku, na yaweza kuwa na barafu. Mwenye goti bovu au aliyekunywa kidogo asilale juu, hata akisisitiza. Kila anayegeuka juu anatikisa gari zima, na kama kuna rafiki aliyelala ndani ya gari hilohilo atazijua ndoto zenu. Wakoromaji wapewe hema lao, mbali. Hema la chini pekee ndilo linaloweza kusogezwa kwa sababu hiyo.

Usiku gari linapohitajika

Hili ndilo lililonifanya nielemee upande wa hema la chini, na silioni likisemwa vya kutosha.

Gari linapandisha watu haraka kuliko miguu. Mchana mmoja laweza kuwatoa mita 1,000 na kuwalaza 3,500, jambo ambalo mpanda mlima wa miguu angelifanya kwa siku kadhaa. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukataa. Ushauri unaotolewa na madaktari wa milimani ni kwamba ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Endesheni juu mnavyotaka mchana, ila usiku rudini chini kulala.

Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu, dawa ni kumshusha, na kumshusha hakusubiri kupambazuke. Sasa fikiria magari yote mawili yana mahema wazi juu. Matangazo yanasema kukunja ni dakika 5. Gizani, kukiwa na barafu kwenye kamba na watu wamepaniki, si dakika 5. Mwenye hema la chini anawasha gari na kuondoka. Hema litachukuliwa kesho. Mwenye kulala ndani anasukuma magodoro pembeni na kuondoka.

Kwa hiyo mkiwa na mahema ya juu, wekeni sheria: gari moja katika msafara halifunguliwi hema usiku. Linaegeshwa likitazama njia ya kutokea, lina mafuta, ufunguo uko mahali ambapo kila mtu anapajua. Kama mko gari moja tu lenye hema la juu, laleni chini zaidi ya mlivyopanga. Kwenda gari moja peke yake njia za mlimani ni mjadala mwingine, na jibu langu humo ni fupi: msiende.

Radi pia inafanya gari lihitajike. Hema, liwe juu au chini, halikingi radi hata kidogo. Gari lenye paa la chuma linakinga, kwa sababu umeme hupita kwenye gamba na kuingia ardhini bila kupita ndani. Tufani ikikaribia wote ingieni magarini, fungeni madirisha, msiguse vyuma. Hakikisheni viti havijajazwa mizigo kiasi kwamba watu hawaenei.

Kuhusu kulala ndani

Nimekutaja kulala ndani kama njia ya tatu, ila kwa kundi kubwa mimi nakuona zaidi kama njia ya akiba. Inafaa kwa mtu mmoja, au wawili waliozoeana, wenye gari refu au pikapu yenye kibanda nyuma. Unahitaji sehemu bapa ya mita 1.8 au zaidi, kwa hiyo viti vya nyuma vilale sawa kabisa au uweke jukwaa la mbao. Jukwaa lina uzito, ila uko chini, na chini yake unapata droo.

Kero yake kubwa ni mizigo. Pale unapotaka kulala ndipo vitu vyenu vilipo mchana kutwa. Usiku lazima vitoke, na vikitoka vinakwenda kwenye siti za mbele, chini ya turubai nje, au juu ya keria. Hiyo ya mwisho inakurudisha kulekule kwenye kilo za darini. Mahali penye wanyama, chakula kisiachwe nje hovyo, wala kisiingie kwenye hema lolote.

Inapong'ara ni usiku mlipochelewa. Mmefika saa tano, mvua inanyesha, hakuna aliye na hamu ya kitu. Anayelala ndani anavuta pazia tu.

Mengine kwa haraka

| | Juu ya keria | Chini | Ndani |
|---|---|---|---|
| Likilowa asubuhi | Linafungwa likiwa bichi, lazima likaushwe mkifika nyumbani kabla ya ukungu | Linaenda kwenye mfuko wake, ila nalo likaushwe | Futa vioo, basi |
| Kuhamia gari jingine | Kazi ya watu wawili au zaidi | Sekunde | Halihami |
| Kutengeneza likichanika | Vipuri vya kampuni yake | Kiraka na gundi | Hakuna |
| Gharama | Mara kadhaa ya hema zuri la chini, pamoja na keria imara | Ya kati | Ndogo, isipokuwa jukwaa likiwa la fundi |
| Kusimama wima ukivaa | Hapana | Makubwa, ndiyo | Hapana kabisa |

Basi nani achukue lipi

Wanne au watano kwa gari, safari za mwisho wa wiki, kambi moja: hema la chini, mawili madogo badala ya moja kubwa. Mawili hupata nafasi kirahisi kwenye mwinamo, na wakoromaji wanatenganishwa. Pesa iliyobaki itoeni kwenye magodoro yenye R ya maana kabla ya kufikiria taa na mapambo.

Wawili kwa gari zito lenye kikomo kikubwa cha paa, safari ndefu ya kuhama kila siku, njia za changarawe kuliko mawe makubwa: chukueni hema la juu bila kuona haya. La gamba gumu kama mnapita maeneo ya mvua, maana hufunguka na kufungwa upesi na halipigwi sana na upepo barabarani. La kitambaa kama mnahitaji upana. Wekeni na mfuko wa kulalia na godoro moja la ziada garini, kwa ule usiku ambao upepo utawashusha.

Gari dogo jepesi, hata kama ni hodari kwenye mawe: sahau hema la juu. Najua picha zipo nyingi za magari madogo yenye mahema makubwa juu. Picha hupigwa gari likiwa limesimama.

Mpweke ndani ya msafara, yule asiye na mwenza wa hema: alale ndani ya gari lake, na gari hilo ndilo liwe la dharura.

Kundi mchanganyiko ndilo la kawaida zaidi, na hakuna ubaya. Lipangeni hivi: lenye hema la juu lisitangulie kwenye njia yenye mwinamo wa ubavu, lifuate nyuma ya gari jepesi ambalo dereva wake anaweza kushuka na kuangalia. Dereva aliyechoka kuliko wote apewe usingizi bora kuliko wote, awe na hema lake au la mwenzake. Kesho yake ndiye anayeshusha watu mteremko kwa gia nzito.

Na kwa aliyekwisha nunua hema la juu na hana mpango wa kuliuza: keria yako ikaze kila jioni. Mtikisiko wa mawe hulegeza nati ambazo zilikuwa imara nyumbani. Bebeni spana ya saizi yake kwenye mlango wa dereva badala ya kuizika chini ya mizigo, piga alama ya rangi kwenye kila nati ili ukiitazama ujue kama imezunguka, na baada ya kilomita chache za kwanza za njia mbovu simameni mzikague zote kabla ya kupanda zaidi.